Uta, Upote na Wano: Upinde wa Jadi na Msamiati Wake

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wanaijua vyema hadithi ya mwisho wa Fumo Liyongo. Baada ya kudungwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa, shujaa huyo alikwenda karibu na kisima, akapiga goti, akatia mshale katika upinde wake. Hapo ndipo alipokata roho. Lakini watu wa mji, kwa kumwona yu tayari kufuma, hawakuthubutu kuteka maji kwa muda wa siku kadhaa. Katika kisa kingine cha hadithi hiyo, maadui zake walipatana kwamba mkoma upandwe kwa zamu, ili wamuue akiwa juu. Yeye akayaangusha makoma kwa mishale hali amesimama chini.

Visa hivi vyatuonyesha kwamba upinde, machoni pa wazee wetu, haukuwa chombo tu, bali kipimo cha mtu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini upinde wa jadi ungali ukiwavuta watu hata baada ya kuja bunduki, na kisha kuuliza ni jambo gani linalompasa mwanalugha katika habari hii.

Istilahi za upinde

Neno litumikalo sana ni upinde, ambalo latokana na kitenzi pinda, na maana yake i wazi kwa kila msemaji. Lakini Kiswahili kina neno kongwe zaidi, nalo ni uta, wingi wake mata. Neno hilo ni urithi wa Kibantu: Wagikuyu na Wakamba husema ũta, Washona uta, na Wabemba ubuta. Umbo la Kibemba latuonyesha kwamba u- ya uta ni kiambishi cha kale bu- kilichopoteza konsonanti yake. Na ndiyo sababu wingi wake ni mata, ambapo upinde, ulio wa ngeli nyingine, wingi wake ni pinde.

Sehemu za silaha hii nazo zina majina yake. Kamba ya upinde huitwa upote, na aghalabu husokotwa kwa kano za mnyama. Mti wa mshale usiotiwa ncha ni wano. Ncha ya chuma ni chembe. Mfuko wa kuchukulia mishale ni podo au ziaka, neno ambalo linafanana mno na thiaka ya Kigikuyu. Mwanafunzi wa leo huijua chembe kwa maana ya punje, na mishale huijua katika uso wa saa. Maneno yamebaki, lakini kitu kilichoyazaa kimeondoka mbele ya macho yake.

Uchungu wa mshale

Katika nchi yetu nguvu ya mshale haikuwa katika chuma peke yake. Wagiriama huiita sumu ya mishale utsungu, neno lililo ndugu wa uchungu wa Kiswahili sanifu na utungu wa lahaja za kaskazini. Sumu hiyo hupikwa kwa mti ambao wataalamu huuita Acokanthera. Mchemsho huendelea hadi upatikane utomvu mzito mweusi, ukapakwa chini ya chembe na kufungwa kwa kipande chembamba cha ngozi usiharibike. Ikiingia damuni, sumu huusimamisha moyo. Lakini nyama huliwa, kwa kuwa ikipitia tumboni haina nguvu kubwa, na sehemu iliyo karibu na jeraha hukatwa ikatupwa.

Wasomali huiita waabaayo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alipoitenga dawa iliyo katika mti huo, aliipa jina lililotokana na neno hilo la Kisomali, na jina lake, wabaini, limeingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Basi mwindaji wa Kiafrika aliitangulia maabara, na lugha yake ikaiachia alama.

Waata wa Tsavo

Hakuna mahali Kenya ambapo ufundi huu ulifika kilele kama kwa Waata, wawindaji wa ndovu wa bara ya pwani, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Upinde wao mkubwa ulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45, kuuvuta. Uzito huo walingana na wa pinde za Waingereza zilizoopolewa katika merikebu ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545. Na bado Mwaata alimnyatia ndovu mpaka karibu kabisa ndipo akafuma.

Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948. Katika miaka ya 1956 na 1957 ikaja operesheni kali ya kuwasaka wawindaji haramu, na Waata wengi walitiwa gerezani kwa kazi waliyorithi kwa babu zao. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Hatusemi kwamba ndovu hawakustahili kulindwa. Twasema tu kwamba ulipoondolewa upinde, msamiati mzima uliachwa bila kazi.

Mvuto usiokwisha

Kwa nini basi mtu wa leo, asiye na njaa wala adui, apende upinde wa mti mtupu? Marekani ilitoa hataza ya upinde wenye magurudumu mwaka 1969, nao humpunguzia mpigaji uzito akiisha kuuvuta. Hata hivyo wako wengi walioukataa. Upinde wa jadi humdai mwenyewe kila kitu: auchague mti, auchonge kwa kuufuata unyuzi wake, auvute kwa mgongo wake, na alenge pasipo kiongozi. Akikosa, hana cha kulaumu.

Katika Marekani hiyo hiyo mna funzo kwetu. Mwaka 1911 alitokea California mtu aliyeitwa Ishi, wa mwisho katika watu wa Yahi. Daktari Saxton Pope alijifunza kwake kuchonga na kupiga upinde, na kitabu chake cha mwaka 1923 kiliwasha upya mapenzi ya upinde nchini humo. Mwanaisimu Edward Sapir alikaa na Ishi mwaka 1915, akaandika lugha yake. Mwaka uliofuata Ishi alikufa. Ufundi ulipata maelfu ya warithi. Lugha ilibaki katika daftari, na lau Sapir angalichelewa mwaka mmoja, asingalimkuta mtu wa kumwuliza.

Hitimisho

Wazee waliouvuta upinde wa Tsavo kabla ya 1956 wamekwisha kufa, au ni wakongwe mno. Watoto wao walisikia majina ya miti, ya mafundo ya upote, ya namna za kunyatia. Twapendekeza kwamba kila idara ya lugha iwatume wanafunzi wake kwa Waata, kwa Wakamba na kwa Wagiriama, si kuuliza maneno matupu, bali kuketi na fundi huku akichonga, na kuandika kila neno pamoja na tendo lake. Neno wano katika kamusi ni tafsiri tu. Mkononi mwa fundi ni elimu.