Ismene si Mwoga

Wanafunzi wangu wakiisoma tamthilia ya Antigone, aliyoitunga Sophocles mnamo mwaka wa 441 hivi K.K., aghalabu humshangilia Antigone na kumbeza dada yake Ismene kwa neno moja tu: mwoga. Hukumu hiyo naiona ya pupa.

Wana wa Mfalme Oedipus, Eteocles na Polynices, waligombea kiti cha enzi cha Thebes hata wakauana. Mjomba wao, Creon, akautwaa utawala, akaamuru Eteocles azikwe kwa heshima na maiti ya Polynices iachiwe mbwa na ndege. Ndipo Antigone anapomwita dadaye faraghani, nje ya lango la jumba la kifalme, ili wakamzike kaka yao.

Jina la kwanza kutamkwa katika tamthilia nzima ni la Ismene, na neno la udugu analoitiwa lina asili yake katika jina la tumbo la uzazi. Ni kama sisi tusemavyo ndugu wa tumbo moja! Isitoshe, Kigiriki cha kale, sawa na Kiarabu, kilikuwa na umbo la uwili baina ya umoja na wingi. Kiswahili hakina umbo hilo; mfasiri hana budi kusema “sisi wawili” na kusonga mbele. Katika onyesho la kwanza uwili umetapakaa: dada wawili waliosalia, kaka wawili waliouana. Ismene anapokataa kuivunja amri, Antigone hautumii tena kwa ajili yake na dadaye. Udugu umekatika katika sarufi kabla Creon hajamkamata yeyote.

Naye huyo aitwaye mwoga? Antigone akamatwapo, Ismene anasimama mbele ya mfalme na kudai kwamba alishiriki, afe pamoja naye. Antigone anamkana. Katika tamthilia nyingine ya Sophocles, iliyoonyeshwa mwaka wa 401 K.K., ni Ismene huyo huyo anayesafiri na mtumishi mmoja tu, akimtafuta baba yake kipofu ugenini ili ampashe habari za ugomvi wa kaka zake.

Akipelekwa kufa, Antigone anawaambia wazee wa Thebes wamtazame yeye, wa mwisho aliyebaki katika ukoo wa kifalme. Wakati huo Ismene yu hai. Creon amekwisha kumsamehe. Hakuna mzee hata mmoja anayemsahihisha Antigone, na hadi mwisho wa mchezo Ismene hatajwi tena.