Saa 72: Kwa Nini Kijana Asicheleweshwe Kituoni

Madhara mengi ya afya ya uzazi yanayowapata vijana wa miaka 10 hadi 19 huzuilika au hutibika yakiwahiwa. Mara nyingi ucheleweshaji huanzia nyumbani.

Kijana, awe wa kike au wa kiume, akifanyiwa ukatili wa kingono, wazee huketi. Upande wa pili huitwa, fidia hutajwa, na kikao huahirishwa hadi mjomba afike kutoka safarini. Wakati huo saa zinakwenda. Dawa kinga dhidi ya VVU (PEP) sharti ianze kumezwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri inavyowahiwa ndivyo inavyofaa zaidi. Humezwa kwa siku 28 mfululizo. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba nacho hakifai baada ya siku 5. Kikao kinachofikia mwafaka siku ya sita, hata kikitoza ng'ombe kumi, hakiwezi kuzirudisha saa hizo. Aidha, ubakaji ni kosa la jinai, si shauri la ukoo.

Mhanga apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja, kabla ya kuoga. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya Polisi Na. 3 (PF3) hutolewa polisi, ambako lipo Dawati la Jinsia na Watoto, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Inaweza kufuata baadaye.

Kuchelewa kwa pili ni kwa mimba inayofichwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Binti anayeogopa fimbo ya baba huvaa sweta hadi mwezi wa saba, hivyo hukosa vipimo vya wekundu wa damu, kaswende na VVU, pamoja na upimaji wa shinikizo la damu unaoweza kubaini dalili za kifafa cha mimba mapema. Nyonga zisizokomaa huongeza hatari ya uchungu pingamizi, na uchungu usiopata msaada kwa wakati huweza kuacha fistula. Hudhurio la kwanza la kliniki linatakiwa kabla ya wiki 12.

Ikumbukwe pia kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni. Kuificha mimba ili kuinusuru shule, basi, hakuna msingi.

Magonjwa ya zinaa yana hila yake: kisonono na klamidia kwa wasichana mara nyingi havioneshi dalili, na visipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi. Kwa upimaji wa VVU, sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi.

Mtoto aliye hatarini, au jirani anayejua habari zake, anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.