Fahamu: Kwa nini Git ilitenga amri ya kuhamia tawi

Katika Git, zana ya kutunza matoleo ya programu aliyoiasisi Linus Torvalds mwaka 2005, kuhama kutoka tawi moja la kazi hadi jingine ni jambo la kila saa, na kwa hivyo amri yake haina budi kuwa fupi kuandika na salama kutumia. Kwa miaka mingi shughuli hiyo ilikuwa juu ya `git checkout`, ambayo ilikabidhiwa pia jukumu la kurejesha faili katika hali yake ya awali. Na hapo ndipo ilipojificha hatari, kwani aliyetaja jina la faili baada ya amri ile ile aliyoizoea kwa kuhamia matawi, hupoteza mabadiliko ambayo hajayahifadhi, bila kuulizwa wala kutahadharishwa.

Agosti 2019, katika toleo la 2.23, zikaletwa amri mbili: `git restore` ya kurejesha faili, na `git switch` ya kuhamia matawi tu. Hii ya pili, kwa rai yangu, imebuniwa kwa hekima kubwa: ukiongeza `-c` hukuundia tawi jipya na kukuhamishia papo hapo, ukiandika `git switch -`, kistari kimoja tu, hukurudisha katika tawi ulilotoka, hata kama jina lake limekutoka akilini, na ukiielekeza kwenye toleo la zamani lisilo tawi, hukataa mpaka utamke kusudio lako kwa `--detach`. Amri kongwe haikufutwa, maana hati nyingi za kazi zingali zinaitegemea.