Labrador si beki, ni mwokota mipira

Shinyanga. Shabiki aliyewahi kukaa jukwaani CCM Kambarage anawajua wale vijana wa pembeni ya uwanja. Mpira ukitoka wanaukimbilia, wanaurudisha, kazi imeisha. Sasa mchukue mmoja wao umpange beki wa kati, amkabe George Mpole wa msimu wa 2021/22, yule aliyeifungia Geita Gold mabao 17 na kuibuka mfungaji bora. Utalia.

Ndivyo anavyofanya mtu wa Kahama au Geita anayenunua mbwa aina ya Labrador ili amlindie geti.

Asili ya mbwa huyu ni Newfoundland, Canada, ambako wavuvi waliwatumia babu zake kuokota samaki walioponyoka nyavuni. Waingereza wakawachukua, wakawanoa kwa uwindaji wa ndege, na mwaka 1903 chama chao cha mbwa kikamtambua Labrador rasmi. Mwindaji anapiga bata, bata anaangukia majini, Labrador anaogelea na kumleta mdomoni bila kumtafuna. Haui. Mbwa wa kienyeji wa Usukumani ni habari nyingine, yule akimkimbiza sungura anammaliza mwenyewe. (Na tuelewane, kuwinda kwa mbwa bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009.)

Mdomo ule laini ndio unaompa namba nyumbani. Mtoto anamvuta masikio, yeye anatikisa mkia. Marekani alikaa kileleni miaka 31 mfululizo kama aina inayosajiliwa zaidi, hadi French Bulldog alipompindua mwaka 2022. Shida ni kwamba mwizi naye anaweza kupokelewa kwa mkia huohuo.

Halafu anakula! Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa baadhi ya Labrador wana hitilafu ya jeni inayohusishwa na hamu kubwa ya kula. Ukimwachia sufuria, umeliwa wewe.

Ila ukanda wa dhahabu una hatari kubwa kuliko tumbo lake. Labrador akiona maji anaingia, haulizi. Na Geita si kila dimbwi ni la kuchezea. Kwenye mitambo ya kuchenjulia kuna mabwawa yenye sayanaidi, kwenye mialo kuna zebaki, na maduara yaliyoachwa hujaa maji mvua zikinyesha. Akilamba sayanaidi, hata daktari wa mifugo huenda asimkute hai. Ukisema umpeleke Nkome akaogelee ziwani, Ziwa Victoria nalo lina mamba.

Kwa hiyo huyu hatembei bila kamba. Mazoezi ni alfajiri, kabla jua la Shinyanga halijachachamaa, kwa sababu manyoya yake ni tabaka mbili, yaliumbiwa baridi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, haina mjadala. Geti mwachie mlinzi. Labrador mtafutie mpira uliochakaa, utupe mbali uwezavyo. Atakurudishia, umelowa mate.