Ndoa za jinsia moja: Yale Katiba inasema na yale mahakama zimeamua

WAKAZI wa Bondo, sawa na Wakenya wengine, walipiga kura kuhusu maana ya ndoa mnamo Agosti 4, 2010, ingawa karatasi ya kura haikutaja ndoa hata mara moja.

Swali lilikuwa moja tu: iwapo mpigakura anaikubali Katiba iliyopendekezwa au anaikataa. Waunga mkono walijitambulisha kwa rangi ya kijani, wapinzani kwa nyekundu. Hata hivyo, ndani ya hati hiyo mlikuwa na Kifungu cha 45, kinachosema kwamba kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili.

Zaidi ya wapigakura milioni 6, takribani theluthi mbili ya waliojitokeza, waliidhinisha hati hiyo. Eneo la Nyanza, ngome ya hayati Raila Odinga ambaye nyumbani kwake ni Bondo, liliiunga mkono kwa wingi mkubwa.

Wakati wa kampeni, viongozi wa makanisa waliokuwa katika kambi ya nyekundu pamoja na William Ruto walilalamikia zaidi vifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za kadhi. Wapo pia waliohofia kwamba Katiba ingefungulia mlango ndoa za jinsia moja. Jibu la kambi ya kijani, iliyoongozwa na Rais Mwai Kibaki na Bw Odinga, lilikuwa hicho Kifungu cha 45.

Tangu hapo, mjadala huu umekuwa ukizuka kila baada ya muda, na mara nyingi mambo matatu tofauti huchanganywa: ndoa, kosa la jinai na uhuru wa kujumuika. Mkanganyiko huo haukuchelewa kujitokeza. Mnamo Novemba 2010, akihutubia mkutano wa hadhara jijini Nairobi, Bw Odinga, wakati huo Waziri Mkuu, alinukuliwa akisema kwamba Katiba iko wazi na kwamba watakaopatikana wakishiriki mapenzi ya jinsia moja wakamatwe. Watetezi wa haki za binadamu waliilaani kauli hiyo.

Ukweli ni kwamba Katiba inazungumzia ndoa pekee. Kifungo kinatokana na Sheria ya Adhabu, iliyoanza enzi ya mkoloni. Sehemu ya 162 inaweka adhabu ya hadi miaka 14 gerezani kwa kile inachokiita tendo la kinyume na maumbile, nayo sehemu ya 165 inaweka hadi miaka 5 kwa wanaume watakaopatikana na hatia ya uchafu wa kupindukia.

Sehemu hizo mbili ndizo zilizopingwa katika Mahakama Kuu. Walalamishi walisisitiza kwamba hawakuwa wakiomba ruhusa ya kuoana. Walitaka tu mahusiano ya faragha kati ya watu wazima waliokubaliana yasihesabiwe kuwa jinai. Mnamo Mei 24, 2019, majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo waliitupilia mbali kesi hiyo.

Sababu mojawapo waliyoitoa ilikuwa Kifungu cha 45. Majaji hao walisema kwamba kuziondoa sehemu hizo kungewawezesha watu wa jinsia moja kuishi pamoja kama wanandoa, jambo linalokwenda kinyume na nia ya Katiba. Hivyo basi, kifungu kuhusu ndoa kiliamua kesi ambayo haikuwa ya ndoa.

Kesi ya pili ilihusu uhuru wa kujumuika. Bodi ya kusimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilikuwa imekataa kulisajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, ikitaja Sheria ya Adhabu. Wakili Eric Gitari alikwenda kortini, akashinda katika Mahakama Kuu mnamo 2015 na tena katika Mahakama ya Rufaa mnamo 2019.

Hatimaye Mahakama ya Juu iliamua mnamo Februari 24, 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba kulinyima shirika hilo usajili ni ubaguzi. Wengi hao walikuwa Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u. Mohammed Ibrahim na William Ouko walipinga. Walio wengi walisema neno 'jinsia' katika Kifungu cha 27, kinachokataza ubaguzi, linajumuisha pia mwelekeo wa kimapenzi wa mtu.

Uamuzi huo haukugusa ndoa wala kuifuta Sheria ya Adhabu. Hata hivyo, ulipokelewa na wengi kana kwamba ndoa hizo zimehalalishwa. Rais Ruto alisema mila na dini haziruhusu jambo hilo. Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, Mbunge wa Homa Bay Mjini Peter Kaluma aliiomba mahakama iupitie upya uamuzi wake, ombi lililokataliwa Septemba mwaka huo. Aidha, aliandaa Mswada wa Ulinzi wa Familia wenye adhabu kali zaidi.

Kwa upande wa ndoa, sheria imebaki palepale. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitaja kuwa muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, uwe wa mke mmoja au wa wake wengi.

Wengine huuliza kuhusu mila ya Wanandi ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake. Mnamo 2011 Jaji Jackton Ojwang, katika Mahakama Kuu ya Mombasa, aliitambua mila hiyo katika mzozo wa urithi. Lakini ndoa hiyo si ya mapenzi baina ya wanawake hao. Shabaha yake ni kupata mrithi wa boma.

Afrika Kusini ilifuata njia nyingine. Katiba yake inataja waziwazi mwelekeo wa kimapenzi, na ndiyo iliyoiwezesha Mahakama ya Katiba kuamua mnamo 2005 kwamba wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kuoana. Bunge lilipitisha sheria mwaka uliofuata.

Kenya haiwezi kuifuata njia hiyo kwa urahisi. Kifungu cha 45 kimo katika Sura ya Haki, na Kifungu cha 255 kinasema sura hiyo haibadilishwi bila kura ya maamuzi. Ni lazima mabadiliko yaungwe mkono na wengi wa wanaopiga kura, na angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti 47. Iwapo pendekezo litatoka kwa raia, kwanza zitahitajika sahihi milioni 1 na idhini ya mabunge ya kaunti 24.

Bondo inaifahamu safari hiyo. Mnamo Februari 2021, Bunge la Kaunti ya Siaya lilikuwa la kwanza nchini kuupitisha mswada wa BBI wa kubadilisha Katiba. Mswada huo ulikuwa na uungaji mkono wa Rais Uhuru Kenyatta na wa Bw Odinga, lakini Mahakama ya Juu iliuzima Machi 31, 2022.

Ikiwa mpango wa vigogo hao wawili haukufika kwenye debe, ni vigumu kuona ndoa za jinsia moja zikihalalishwa pasipo mwananchi kujua. Kwa mashoga na wasagaji wenyewe, suala la dharura ni lile la mwaka 2019: iwapo wataendelea kuishi chini ya tishio la miaka 14 gerezani. Hilo halihitaji kura ya maamuzi. Bunge linaweza kuibadilisha Sheria ya Adhabu kwa kura ya kawaida, au mahakama ya juu zaidi iamue vingine.