Nani Hulipwa kwa Kupanga Nyimbo

Anayenunua miksi hanunui nyimbo. Nyimbo zenyewe angezisikia redioni bure. Anacholipia ni kuchaguliwa, kupangiwa na kufikishiwa mkononi, na biashara ya miksi Afrika Mashariki imeishi kwa kuuza kazi hiyo tangu enzi za kanda hadi hizi za bando. Mwenye wimbo huhesabiwa mwisho, kama akihesabiwa.

Kaseti, iliyoletwa sokoni na Philips mwaka 1963, ndiyo iliyomfungulia mlango mtu mwenye mtaji mdogo. Mombasa, Mbwana Radio Service walijulikana kwa kurekodi na kuuza kanda za taarab. Mitaani kulikuwa na mafundi wenye deki ya milango miwili, ambao hawakurekodi mwanamuziki yeyote: mteja alileta orodha yake kwenye kipande cha karatasi pamoja na kanda tupu, akaambiwa arudi jioni. Kanda ya C60 hubeba dakika 30 kila upande, na ubora wa fundi ulionekana pale upande unapokaribia kuisha. Aliyeijua kazi alijumlisha dakika kwanza ndipo akabonyeza, wimbo usije ukakatika katikati ya ubeti wala mteja asiachiwe dakika nne za mvumo mtupu. Ushauri kwamba zouk mbili hazikai vizuri katikati ya dansi aliutoa bure, na mara nyingi haukusikilizwa.

Mrithi wake yuko kwenye kibanda chenye kompyuta, palepale panapochajiwa simu na kuuzwa vocha. Folda zimejipanga kwenye kioo: Singeli, Bongo Mpya, Gospel, Rhumba, Zilipendwa. Dereva wa bajaji hana muda wa kuchagua. Anatoa flashi, anasema “nijazie za kuchangamka”, anarudi barabarani. Flashi ya GB 8 huingia nyimbo karibu 2,000. Kibanda hakijafa kwa sababu ya hesabu ya bando: miksi ya saa moja ni kama MB 60, na ukiisikiliza mtandaoni mara kumi umelipia mara kumi. Kwenye flashi umelipa mara moja.

DJ naye hategemei kuuza miksi. Sikiliza anavyoita jina lake juu ya kiitikio, pengine na namba ya simu. Wapenzi wa muziki huchukia kelele hizo, lakini ndizo zinazomwingizia pesa: miksi ikizunguka kwenye daladala na matatu, simu ya kukodiwa harusini au kwenye sendoff humkuta nyumbani. Kwake, kunakiliwa ni kutangazwa.

Mdundo, kampuni iliyoanzia Nairobi, imelielewa hilo mapema kuliko wageni wengi. Iliruhusu watu kupakua bure, ikabandika tangazo ndani ya faili lenyewe, ikazipa miksi za ma-DJ nafasi ya mbele, kisha ikaungana na mitandao ya simu, Vodacom Tanzania ukiwamo. Mwaka 2020 hisa zake ziliingia soko la Copenhagen. Kwa maneno mengine, fundi wa kibanda alipata wawekezaji.

Spotify, iliyofika Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021, ina mpango tofauti. Yeyote anaweza kutengeneza pleilisti na kuisambaza, ila hapewi hata shilingi kwa kuipanga, hata ikifuatwa na maelfu. Pia, tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 hauingizi mrabaha kutokana na rekodi yake. Kwa msanii wa singeli anayevuma kwenye flashi za bajaji, kipimo hicho ni kikali: anachezwa mchana kutwa, na hakuna mtambo unaomhesabu.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodi na kunakili kazi za sanaa. Kukusanya ndiyo sehemu rahisi, kwa kuwa mzigo hupita forodhani. Kugawa ni kazi nyingine, maana karatasi za forodha huonyesha thamani ya vifaa vilivyoingia, na ni fundi pekee anayejua alichokijaza humo.