Je, Wajua? Nyota za Dodoma Ndani ya Kamera

Je, wajua kwamba ukichomoa lenzi ya kamera, ukaifunga kamera yenyewe nyuma ya darubini, basi darubini ndiyo inageuka lenzi? Ringi moja tu ya kuunganishia, kazi imekwisha!

Na wewe uliyekaa pale mnadani Msalato unasubiri nyama iive, wajua kwamba unakimbia kilomita 1,660 kwa saa? Dunia inakuzungusha na benchi lako! Ndiyo maana Mwezi, ukiutazama kwa darubini iliyotulia, huteleza upana wake mzima kwa dakika 2, na nyota kwenye picha hugeuka mistari.

Dawa ni mota inayoizungusha darubini kinyume na Dunia, sharti mhimili wake uelekee ncha ya anga. Wenzetu wa Ulaya hulenga Nyota ya Kaskazini, wakamaliza. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na nyota hiyo hapa haichomozi! Tunayo ya kusini, Sigma Octantis, lakini ni hafifu kweli kweli na iko chini mno, mle mle kwenye vumbi la Agosti. Stendi nyingi za dukani hata haziinami kiasi hicho. Unafanyaje? Kipande cha tofali chini ya mguu wa kaskazini!

Usisikitike lakini. Dubu Mkubwa na Msalaba wa Kusini unawapiga picha usiku mmoja, bila kuondoka uwanjani kwako. Aliyeko London huo Msalaba anausikia tu.

Mwaka 1840, kule New York, John William Draper alihitaji dakika 20 kupata picha ya Mwezi. Leo sekunde 1 ukiigawa mara 125, kipande kimoja kinatosha!

Kilimia je? Kwa macho unahesabu nyota 6, labda 7 ukijitahidi. Iachie kamera dakika chache: nyota mamia, zimejifunika ukungu wa buluu ambao babu zetu, waliokipa jina hilo kwa ajili ya kulima, hawakuuona kamwe.

Mshtarii ndiye msumbufu. Sayari kubwa kuliko zote, lakini hujizungusha mara moja kwa chini ya saa 10! Wapigaji hawampigi picha, wanamrekodi video, kisha kompyuta inachambua maelfu ya vipande, inatupa vilivyotikisika na kupanga vizuri juu kwa juu. Kama kupepeta uwele.

Sasa shika benchi. Nuru ya galaksi ya Andromeda inayoingia kwenye kamera yako usiku huu ilianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita. Zinjanthropus alipokuwa akitembea Olduvai, nuru hiyo ilikuwa njiani tayari, tena kwa miaka 750,000!

Tarehe 1 Septemba 2016 maelfu walifurika Rujewa, Mbeya, kuona Jua likibaki pete ya moto. Ulikosa? Tarehe 21 Mei 2031 kivuli cha aina hiyo kinapita tena Tanzania. Tafuta kichujio cha jua mapema, na ukifunge mbele ya darubini, si nyuma kwenye jicho. Jua likipenya humo bila kizuizi, linaunguza kamera, na jicho lako pia.